Sumu ya mshale, dawa ya moyo

Katika nyanda kavu, kuanzia Taita na Tsavo hadi Loliondo, kuna miti miwili midogo ambayo mgeni huichanganya kwa urahisi. Yote ina majani magumu yanayong'aa. Yote huchanua maua meupe yenye wekundu wa mbali na harufu tamu, kisha huzaa matunda madogo yanayoiva hadi kuwa ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Ukivunja kijiti, utomvu mweupe hutoka. Mmoja ni mtandamboo, ambao watoto wanaochunga mbuzi huchuma matunda yake na kuyala njiani bila kumwuliza mtu. Mwingine ni msunguti, ambao Wagiriama huuita mutsungu, Wakamba kivai na Wamaasai olmorijoi. Mbao, magome na mizizi yake ikichemshwa hutoa sumu ya kumwangusha tembo. Njia nyepesi ya kuitofautisha ni kutazama miiba. Mtandamboo unayo, msunguti hauna. Yaani mti unaochoma ndio unaolisha watoto, na ule ulio laini mkononi ndio unaoua.

Nimeikumbuka miti hii kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kwenye vipaza sauti vya stendi, kwenye redio za asubuhi na kwenye lebo za chupa: hii ni dawa ya asili, haina kemikali, haina madhara. Sina ugomvi na dawa za mitishamba. Nimekunywa nyingi utotoni na nimewanywesha wanangu. Ugomvi wangu ni na kile kiungo kinachopitishwa kimyakimya, kwamba kwa kuwa kitu ni cha asili, basi hakidhuru. Msunguti ni wa asili. Hakuna kiwanda kilichouchanganya wala mzungu aliyeuleta. Na mmea ambao hauwezi kumdhuru mtu hata akinywa ndoo nzima, mara nyingi hauna kitu cha kumponya pia. Kinachotenganisha msaada na msiba ni kiasi gani, kimeandaliwa vipi, kimeingia mwilini kwa njia ipi na kwa nani. Hayo ndiyo maswali tunayoshindwa kuuliza sokoni, na nashangaa zaidi kwamba hata serikali zetu huyauliza kwa sauti ya chini sana.

Wanabotania wameiweka miti hiyo miwili katika familia moja, Apocynaceae. Nitabaki na ukoo huo makala nzima, maana peke yake unatosha kumaliza ubishi.

Waliouelewa msunguti vizuri kuliko mtu yeyote walikuwa wawindaji. Waata, ambao maandishi ya kikoloni huwaita Waliangulu, waliwinda tembo katika nchi ya Tsavo kwa pinde ambazo kuzivuta tu kulihitaji nguvu ya kuinua kilo 45 na zaidi. Wagiriama walisifika kwa upishi wa sumu yenyewe. Vipande vya mti huchemshwa kwa saa nyingi, maji huchujwa, kisha huchemshwa tena hadi yabaki mabaki meusi mazito kama lami. Hayo hupakwa nyuma ya ncha ya mshale, halafu sehemu iliyopakwa huviringishwa ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke na isimguse mwenye mshale. Ukanda huo huondolewa pale mnyama anapoonekana. Kila hatua hapo ni kanuni ya famasia: kuchagua mti, kukoleza, kuhifadhi, kufunga, na kumlinda mtumiaji.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hii huliwa. Wawindaji hukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha, zilizobaki zinakwenda chunguni. Sababu yake leo inajulikana vizuri. Kiini cha sumu ya msunguti, uabaini, hupenya kwa shida sana kwenye ukuta wa utumbo. Kikiingia kwenye damu kupitia jeraha kinasimamisha moyo. Kikimezwa kidogo pamoja na nyama, kingi hupita na kutoka. Wawindaji hawakuwa na maabara ya kuwaeleza hivyo, lakini walijua tofauti ya kudungwa na kumeza, na waliijua kwa usahihi wa kutosha kuwalisha watoto wao kwayo. Nani anathubutu kusema hao hawakuwa na sayansi ya vipimo?

Hata mnyama mmoja ameigundua siri hiyo. Panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ya kijivu na mistari, Lophiomys kwa jina la kitaalamu, hutafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yenye sumu kwenye ukanda wa nywele maalumu ubavuni. Nywele hizo zina matundu na hunyonya kama utambi. Mbwa anayemng'ata huugua vibaya au hufa. Watafiti walilithibitisha jambo hilo katika chapisho la mwaka 2011, ingawa wenyeji walikuwa wakiwazuia mbwa wao tangu zamani. Panya mwenyewe hadhuriki kwa kuutafuna.

Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ya Kenya iliendesha kampeni kali dhidi ya ujangili Tsavo, na wanaume wengi wa Kiwaata wakafungwa. Walikuwa wanaua tembo, na pembe zilikuwa zinauzwa, silitetei hilo. Lakini ndivyo elimu ile ilivyoishia kwenye majalada ya mahakama, kama kielelezo cha kosa, huku hospitali za Ulaya zikiwa zimekwisha kuwadunga wagonjwa dawa ya jamii hiyohiyo kwa nusu karne.

Kisa cha Ulaya kinaanza kusini kidogo ya kwetu. Daktari John Kirk, Mskoti, alisafiri na David Livingstone katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858. Huko walikuta sumu nyingine ya mishale, kombe, inayotokana na mbegu za mmea utambaao wa Strophanthus. Nao ni wa ukoo uleule wa Apocynaceae. Kirk aliweka sampuli za kombe kwenye mkoba mmoja na mswaki wake. Asubuhi moja alipopiga mswaki akasikia uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angetema na kulaani. Kirk alikuwa daktari, akahesabu mapigo. Ndiye Kirk huyohuyo aliyekuja Zanzibar mwaka 1866, akawa balozi mwenye nguvu wa Uingereza, na akambana Sultan Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Watu wengi wa pwani wanamjua kwa hilo. Wachache wanamjua kwa mswaki.

Mbegu za kombe zilifika Edinburgh, mikononi mwa Thomas Fraser. Alizichunguza kwa miaka, akaonyesha kwamba zinafanya kazi moja kwa moja kwenye msuli wa moyo, na kufikia mwaka 1885 alikuwa akiwashawishi madaktari wenzake wazitumie kwa wagonjwa ambao moyo wao umechoka. Mwaka 1888 Arnaud, mwanakemia wa Paris, aliitoa uabaini kutoka kwenye mbao za mti wa jamii ya msunguti uliotoka nchi ya Wasomali, na jina la dawa likachukuliwa kwenye jina la Kisomali la sumu ya mshale. Mwaka 1906 Albert Fraenkel akaanza kuwadunga wagonjwa strofanthini, dawa itokanayo na Strophanthus, mshipani huko Strasbourg. Mgonjwa aliyelala ameketi kwa sababu ya kukosa pumzi, miguu imevimba, alipata nafuu siku hiyohiyo.

Angalia njia. Ni ileile ya mshale, kuingia kwenye damu bila kupitia tumbo. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa pili alikuwa na sindano yenye alama za mililita.

Ilichukua miaka mingine 50 kujua sumu hii inashika wapi. Jens Skou wa Aarhus, Denmark, alikuwa akichunguza neva za miguu ya kaa, na mwaka 1957 akachapisha makala kuhusu kimeng'enya kinachohitaji sodiamu na potasiamu kwa pamoja ili kifanye kazi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Vienna, alikutana na Mmarekani Robert Post. Post akamwuliza kama uabaini inakizuia kimeng'enya hicho. Skou hakuijua uabaini. Akapiga simu kwenye maabara yake, jaribio likafanyika, na jibu likarudi kwamba inakizuia. Papo hapo ikawa wazi kwamba kilichoonekana kwenye neva za kaa ni pampu ambayo wanasayansi walikuwa wakiitafuta. Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Sumu ya mishale ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kuthibitisha moja ya mashine muhimu kuliko zote ndani ya mwili wa binadamu.

Pampu yenyewe haihitaji maneno magumu. Kila seli hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, bila kupumzika, mchana na usiku. Uabaini, kama ilivyo digoksini inayotolewa hospitali zetu, huikaba pampu hiyo. Sodiamu ikirundikana ndani, kalsiamu nayo hukosa njia ya kutoka, na kalsiamu ndiyo inayoufanya msuli wa moyo ujikaze. Pampu chache zikizibwa, moyo uliolegea husukuma damu kwa nguvu zaidi na mapigo ya kasi hutulia. Zikizibwa nyingi, umeme wa moyo huvurugika, mapigo huruka, hupotea, husimama. Dawa na sumu hapa zinashika kitu kimoja, mahali pamoja, kwa namna moja. Ukipewa damu ya mgonjwa aliyeponywa na ya mnyama aliyeuawa, tofauti utaiona kwenye tarakimu.

Tarakimu zenyewe ni ndogo mno. Utafiti mkubwa wa digoksini huko Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 1997, ulihusisha wagonjwa 6,800 wa moyo. Kwa jumla dawa haikupunguza vifo, ingawa ilipunguza kulazwa hospitalini. Miaka 6 baadaye wachambuzi walirudi kwenye vipimo vya damu vya wanaume walioshiriki. Waliokuwa na nanogramu 0.5 hadi 0.8 za dawa katika mililita moja ya damu walikufa wachache kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliokuwa na 1.2 na kuendelea walikufa wengi zaidi. Wote walikuwa wanameza digoksini halali, ya kiwandani, iliyoandikwa na daktari. Kati ya kundi lililofaidika na lililopotea palikuwa na sehemu ya bilioni ya gramu isiyofika hata nusu.

Sasa jiulize kuhusu kikombe cha mizizi iliyochemshwa "hadi maji yawe mekundu".

Najua jibu linalokuja: hizo ni habari za wazungu wenye maabara, sisi tutafanyaje? Lakini digoksini haikutoka maabara. Ilianza kwa bibi mmoja wa Shropshire, Uingereza, aliyekuwa na dawa ya familia ya kutibu mwili uliojaa maji. Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa maoni yake kuhusu mchanganyiko huo wa mimea zaidi ya 20. Akatambua kwamba kinachofanya kazi mle ni mmea mmoja tu, digitalisi, unaochanua maua ya zambarau. Withering hakuwa na mashine. Alikuwa na mizani, daftari na miaka 10. Aligundua kwamba nguvu ya mmea hubadilika na msimu, akaamua kutumia majani tu, yaliyochumwa mmea unapochanua, yakakaushwa na kusagwa. Aliandika wagonjwa aliowasaidia na alioshindwa kuwasaidia. Na katika kitabu chake cha 1785 alitoa kanuni ambayo ningependa kila mwuza dawa wa Kariakoo na Gikomba aikariri: dawa ipewe mpaka pale inapogusa figo, tumbo, mapigo au choo, na ikomeshwe mara moja dalili ya kwanza kati ya hizo inapojitokeza.

Jina la yule bibi halimo kitabuni. Haki yake ililiwa, kama ya wapishi wa Kigiriama ilivyoliwa. Ila kuna kitu kimoja Withering alichoufanyia mmea wa bibi ambacho sisi hatujaifanyia mimea yetu mingi. Aliupima hadharani, na kushindwa kwake akakuandika pamoja na kufaulu. Mwuza dawa wa kwetu ana ushuhuda wa waliopona. Daftari la waliozidiwa sijawahi kuonyeshwa.

Mwaka 2011 tulipata nafasi adimu ya kulifungua daftari hilo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Walikwenda mawaziri, walikwenda maskini, walikwenda kutoka Kenya na nchi nyingine jirani. Dawa ilitokana na mugariga, ambao si mwingine ila mtandamboo, yule jamaa mwenye miiba wa msunguti. Tulibishana kitaifa kwa miezi: ni kweli au uongo, ni imani au sayansi, ni Mungu au biashara. Magazeti yaliuza vizuri sana.

Mimi nilikuwa na swali dogo na sikupata mtu wa kuniazima sikio. Babu mwenyewe alikuwa na kipimo. Kikombe kimoja, mara moja, cha ujazo uleule kwa kila mtu mzima. Kwa hiyo upande wa kiasi alikuwa na nidhamu kuliko wauzaji wengi. Lakini sufuria moja na nyingine zilikuwa na ukali sawa? Mgonjwa wa kisukari aliyekunywa akaacha dawa zake alifuatiliwa na nani? Wahudumu wa afya waliripoti watu walioacha ARV baada ya kikombe, na baadhi yao walirudi kliniki wakiwa hoi, wengine hawakurudi. Maelfu kwa maelfu ya watu walikunywa dawa moja, mahali pamoja, kwa kipimo kimoja, ndani ya miezi michache. Mtafiti yeyote duniani angeililia nafasi hiyo. Sisi tukaiacha ipite tukibishana kuhusu imani. Babu alifariki mwaka 2021, na jambo moja tu naweza kulisema kwa uhakika: bahati yetu ni kwamba mti wake ulikuwa ule wenye miiba.

Upande wa hospitali nao una lawama. Mazungumzo kwenye dirisha la famasia huenda hivi, nami nimeyasikia nikiwa kwenye foleni zaidi ya mara moja.

"Mzee wangu, kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?"

"Hakuna, mwanangu."

"Hata ya kienyeji?"

"Aa, hiyo si dawa. Sanamaki tu, ya kusafisha tumbo."

Hapo kijana wa famasia hucheka au hukaripia, mzee hunyamaza, na dawa hutolewa. Kumbe sanamaki hiyo ina uzito. Mzee anayemeza digoksini mara nyingi humeza pia dawa ya kuongeza mkojo, na mkojo ule unaondoka na potasiamu. Sanamaki ikitumiwa kila siku, au shubiri, humharisha na kumpunguzia potasiamu iliyobaki. Potasiamu ikishuka, digoksini hushika pampu za moyo kwa nguvu zaidi, hata kama kidonge ni kilekile na hakuna aliyezidisha. Mzee huanza kukosa hamu ya kula, hutapika, huona vitu vina rangi ya manjano. Nyumbani wanasema uzee. Tatizo liko kwenye mkutano wa dawa mbili za mimea, moja imevaa karatasi ya fedha ya kiwandani na nyingine imefungwa kwenye gazeti, na kila upande ukijifanya haumjui mwenzake. Mgonjwa anayekaripiwa hatasema tena. Daktari anayetaka kuambiwa ukweli aanze kwa kuonyesha kwamba anaijua sanamaki na anaiheshimu kama dawa.

Kuna jamaa mwingine wa ukoo huu ambaye pengine yuko mlangoni kwako. Vinka, yale maua madogo ya waridi au meupe yasiyokufa hata ukisahau kuyamwagilia, asili yake Madagaska. Huko na huko duniani watu wamechemsha majani yake kutibu kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa kutoka Jamaika kwenda Kanada, yakaishia mikononi mwa Robert Noble. Panya waliponyweshwa, sukari haikushuka. Walipodungwa maji yake, wakaanza kufa kwa maambukizi, maana seli zao nyeupe za damu zilikuwa zimeteketea. Noble na Charles Beer hawakutupa matokeo hayo. Walijiuliza: kinachoteketeza seli nyeupe za panya kitamfaa nani? Kitamfaa mwenye saratani ya damu. Mwaka 1958 walitangaza vinblastini, na ndugu yake vinkristini ikafuata. Leo vinkristini imo katika matibabu ya watoto wenye saratani ya damu, na wenye limfoma ya Burkitt, saratani ambayo mara nyingi huvimbisha taya na ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka huohuo wa 1958. Watoto waliokuwa wakifa katika hospitali ya Mulago walianza kupona.

Na dozi yake? Kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja hata kwa mtu mzima mwenye mwili mkubwa. Hutiwa mshipani tu. Ikidungwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, karibu kila mara mgonjwa hufa, na ajali hizo zimetokea katika hospitali za nchi tajiri. Halafu nasikia mtu redioni akihimiza wasikilizaji wachume vinka uani, "majani kiasi", wachemshe, wanywe asubuhi na jioni. Kiasi gani, ndugu yangu? Mkono wako au wa mke wako?

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake. Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na sifikirii kuna chombo kingine katika eneo letu chenye jina la kweli kama hilo. Hatuko mikono mitupu. Tunachokosa ni ujasiri wa kuzungumza na mganga kama mtu mwenye dawa yenye nguvu. Tunamsifu kama urithi wa taifa siku ya maonyesho, tunamdharau kama mshirikina siku nyingine, na katika hali zote mbili hatumwulizi amechemsha gramu ngapi.

Ningetaka chupa yoyote inayouzwa iandikwe mambo machache: mti gani, kwa jina la wenyeji na la kitaalamu, sehemu ipi, jani, gome au mzizi, umechumwa wapi, uzito gani kwa maji kiasi gani, na nani asiinywe. Mwanya wa "mchanganyiko wa miti shamba saba" ufungwe. Mganga atakayesema siri yake itaibwa ana hoja, na sheria imlinde kwa kuiandikisha siri hiyo kwa jina lake kabla haijachapishwa. Asiyetaka kuandikisha wala kuandika, abaki kuwatibu wanaomjua kijijini kwake, lakini asipewe redio.

Kazi hii ni kubwa, kwa hiyo ningeanza na ukoo mmoja, huu huu. Orodhesheni jamaa zake wanaokaa nasi: msunguti, mtandamboo, vinka, na ule mti wa uzio wenye maua ya njano kama kengele, unaopandwa mbele ya shule na ofisi. Mbegu za mti huo zina sumu ya kundi la digoksini, na Sri Lanka zimejaza wodi kwa miaka. Huko ndiko jaribio lililochapishwa mwaka 2000 lilikoonyesha kwamba kingamwili za kondoo zilizotengenezwa kwa ajili ya digoksini huokoa mioyo iliyotiwa sumu na mti huo. Shida ikabaki kuwa bei. Wekeni picha za mimea hiyo, tofauti ya miiba, na dalili za awali: kutapika, mapigo ya polepole yanayoruka, kuona njano. Karatasi moja tu, ibandikwe zahanati zote kuanzia Kilifi hadi Ngorongoro, na kabla haijachapwa waitwe wazee wa Kiwaata na Kigiriama waisome na kusahihisha.